Chakula Kizuri, Hoteli Ikafungwa

Mara nyingi tunasikia watu wakisema: "Mama fulani anajua kupika kweli kweli. Angefungua hoteli angetajirika." Maneno hayo ni matamu. Lakini je, ni kweli? Kujua kupika peke yake kunatosha kuendesha hoteli ya chakula?

Katika somo la leo tutasoma habari za mtu mmoja wa Bara Hindi aliyehamia Uingereza zaidi ya miaka 200 iliyopita. Mtu huyo alifungua hoteli ya chakula cha kwao katika jiji la London. Chakula kilikuwa kizuri na nyumba ilipendeza. Hata hivyo, baada ya miaka miwili hivi alifilisika. Lakini hakukata tamaa, na mwisho wa maisha yake haukuwa mwisho wa aibu.

Someni polepole. Kama mko katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Maswali yako mwishoni.

1. KIJANA WA PATNA

Jina lake aliliandika hivi: Sake Dean Mahomed. Sisi tungeandika Sheikh Dini Muhammad. Alizaliwa mwaka 1759 katika mji wa Patna, kando ya mto Ganges. Wakati ule kampuni kubwa ya wafanyabiashara wa Kiingereza ilikuwa imeanza kutawala sehemu za Bara Hindi. Kampuni hiyo ilikuwa na jeshi lake yenyewe. Baba yake Mahomed alikuwa askari wa jeshi hilo, akafa vitani wakati mtoto bado mdogo.

Alipokuwa na umri wa miaka 11 hivi, Mahomed alimfuata ofisa mmoja kijana aliyeitwa Godfrey Baker, mtu wa Ireland. Akakua jeshini, akapanda vyeo. Mwaka 1782 Baker aliacha kazi, na Mahomed naye akaacha. Mwaka 1784 wakafika pamoja katika mji wa Cork, huko Ireland.

Hebu fikiri. Kijana wa miaka 25, yuko katika nchi ya baridi, hana ndugu, na lugha ya watu ni ngumu. Alianza na nini? Alikwenda shule kujifunza kusoma na kuandika Kiingereza sawasawa. Alikuwa amekwisha kuwa askari mwenye cheo, lakini hakuona haya kukaa darasani. Sisi tuliojifunza kusoma tukiwa watu wazima tunajua hiyo si kazi ndogo.

Huko Cork alimpata mchumba, Jane Daly, wakaoana mwaka 1786.

2. KITABU KILICHOLIPIWA KABLA YA KUCHAPWA

Mwaka 1794 Mahomed alitoa kitabu kiitwacho The Travels of Dean Mahomet. Ndani yake alieleza safari zake na maisha ya watu wa Bara Hindi. Alikiandika kama mtu anayemwandikia rafiki yake barua. Ni kitabu cha kwanza kutolewa kwa Kiingereza na mwandishi wa Bara Hindi.

Sasa tuangalie jambo moja la biashara. Kuchapisha kitabu kunataka fedha. Mahomed hakuwa tajiri. Alifanyaje? Alitangaza kwamba anataka kutoa kitabu, akaomba wanaokitaka waandikishe majina na kutoa fedha kidogo kwanza. Watu 320 walijiandikisha. Kila mmoja alitoa shilingi 2 na peni 6 za Kiingereza.

Hebu tupige hesabu. Wakati ule pauni moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja ilikuwa peni 12. Kwa hiyo peni 6 ni nusu shilingi. Watu wanane wakitoa shilingi mbili na nusu kila mmoja, inapatikana pauni moja. Tugawanye 320 kwa 8. Jibu ni 40. Basi Mahomed alikuwa na pauni 40 mkononi kabla kitabu hakijatoka.

Lakini kulikuwa na faida nyingine kubwa kuliko zile pauni. Alikuwa na orodha ya majina. Aliwajua wanunuzi wake, na alijua idadi yao. Kumbukeni jambo hili, maana tutalirudia.

3. HOTELI YA GEORGE STREET

Karibu na mwaka 1807 Mahomed alihamia London na mke na watoto. Akapata kazi kwa tajiri mmoja, Basil Cochrane, aliyechuma mali nyingi Bara Hindi. Tajiri huyo alikuwa na nyumba kubwa katika mtaa wa Portman Square. Mle ndani aliweka mahali pa kujifukiza kwa mvuke kwa ajili ya afya. Mahomed alifanya kazi ya kuwakanda watu miili, kama wanavyofanya kwao.

Mwaka 1810 akaamua kujitegemea. Alifungua hoteli ya chakula katika nyumba namba 34, George Street, karibu na Portman Square. Akaiita Hindoostane Coffee House, yaani Nyumba ya Kahawa ya Kihindi. Wakati ule London ilikuwa na nyumba nyingi za kahawa. Watu walikwenda humo kunywa, kula, kusoma magazeti na kuzungumza biashara.

Nyumba ya Mahomed ilikuwa tofauti na nyingine. Viti na makochi yalikuwa ya mianzi. Ukutani zilitundikwa picha za Bara Hindi. Wageni walipewa wali na michuzi ya bizari yenye viungo na pilipili. Kulikuwa na chumba cha kuvutia tumbaku kwa kiko cha maji. Mwaka 1811 alitoa tangazo katika gazeti la The Times akiwakaribisha mabwana waliowahi kukaa Bara Hindi. Aliwaahidi kwamba vyakula vyake vimepikwa kama inavyotakiwa hasa.

Wasomaji wa pwani na bara, neno biriani na neno chapati mnayajua. Maneno hayo tuliyapata kutoka Bara Hindi pamoja na vyakula vyenyewe. Basi ladha ya vyakula vya Mahomed si ngeni sana kwetu.

Tusikosee hapa. Yeye hakuwa wa kwanza kuuza mchuzi wa bizari London. Nyumba nyingine za kahawa zilikuwa zimekwisha kuuweka katika orodha ya vyakula vyao. Lakini yeye ndiye mtu wa kwanza wa Bara Hindi anayejulikana kuwa na hoteli yake mwenyewe katika jiji lile.

4. KWA NINI ILIMSHINDA?

Mwaka 1812 Mahomed alitangazwa kuwa amefilisika. Kwa sheria ya kule, mfanyabiashara akifilisika mali yake huchukuliwa wakagawiwa wanaomdai. Hoteli iliendelea miaka kadhaa mikononi mwa watu wengine, lakini yeye hakuwamo tena.

Mbona mambo yalikuwa hivyo? Tuchambue sababu moja moja.

Sababu ya kwanza ni wateja. Mahomed aliwalenga matajiri waliorudi kutoka Bara Hindi, na kweli baadhi yao walikaa karibu na Portman Square. Kwa hiyo mahali hapakuwa pabaya. Lakini wengi wa matajiri hao walirudi Uingereza pamoja na wapishi na watumishi kutoka Bara Hindi. Wakitaka mchuzi, unapikwa jikoni mwao. Mtu mwenye kisima uani hawezi kwenda kununua maji barabarani kila siku.

Sababu ya pili ni washindani. Wafanyabiashara na maofisa wa ile kampuni walikuwa na nyumba yao ya kahawa waliyoizoea, Jerusalem Coffee House. Ilikuwa upande mwingine wa jiji, karibu na maofisi yao. Huko walipata habari za meli na bei za bidhaa. Mtu hupenda kula pale anapopata na habari zake za kazi.

Sababu ya tatu ni gharama. Kupanga nyumba katika mtaa wa matajiri ni ghali. Kuna viti vya mianzi, picha, wapishi na wahudumu. Na viungo vilitoka mbali. Mfereji wa Suez ulikuwa bado, maana ulifunguliwa mwaka 1869. Meli kutoka Bara Hindi zilizunguka kusini mwa Afrika kwenye Rasi ya Tumaini Jema, safari ya miezi mingi.

Sababu ya nne ndiyo nzito. Wageni wapya huja polepole. Anakuja mmoja, anapenda, anamwambia mwenzake. Hayo yanataka muda. Lakini kodi ya nyumba haingoji. Mwaka 1815 kilitoka kitabu cha kuwaelekeza watu mahali pa kula London. Mwandishi wake alisema kwamba huenda mfuko wa Mahomed haukuwa na nguvu ya kungoja mpaka watu wazoee, au huenda watu hawakulipokea wazo lenyewe.

Sasa rudini kwenye kile kitabu cha mwaka 1794. Kwa kitabu, Mahomed aliandika majina ya wanunuzi kwanza, kisha akachapisha. Kwa hoteli, alifungua mlango kwanza, kisha akangoja wanunuzi. Mtu ni yule yule, na akili ni ile ile. Tofauti ni kwamba safari hii hakujua ni wangapi watakuja.

5. KUANZA UPYA BRIGHTON

Mwaka 1813 Mahomed alikuwa na umri wa miaka 54 hivi. Ana mke na watoto. Mtu aliyekuwa mwenye hoteli sasa alitangaza gazetini kwamba anatafuta kazi ya utumishi katika nyumba za watu. Si jambo jepesi kwa mtu mzima. Lakini njaa ya watoto haiulizi cheo.

Mwaka 1814 akahamia Brighton, mji wa pwani kusini mwa Uingereza. Mji huu ulikuwa unakua upesi. Madaktari wa wakati ule waliwaambia wagonjwa wakaoge maji ya bahari, na matajiri wakaja kwa wingi. Hata mtoto wa mfalme, ambaye baadaye alikuwa Mfalme George wa Nne, alikuwa na jumba lake huko. Kuanzia mwaka 1815 jumba hilo lilijengwa upya, na kwa nje likapewa umbo la majumba ya Bara Hindi.

Ndugu msomaji, ona sasa. Brighton ilijaa watu wenye maumivu ya viungo na fedha mfukoni. Walikuja wakitafuta nafuu. Na Mahomed alikuwa na ujuzi ambao wao hawakuwa nao nyumbani kwao. Ule ujuzi wa kukanda mwili na kufukiza!

Kazi ilifanyika hivi. Mgonjwa aliketi ndani ya kihema cha kitambaa cha sufu. Mvuke uliochanganywa na majani ya dawa uliingia humo mpaka akatoka jasho. Kihema kilikuwa na mikono, kama mikono ya shati. Mkandaji alikaa nje, akapitisha mikono yake humo, akamkanda mgonjwa. Kazi hiyo Mahomed aliiita "shampooing", neno lililotokana na neno la Kihindi la kukanda au kubonyeza. Baadaye Waingereza walilitumia neno hilo kwa kuosha nywele. Leo dukani tunanunua shampuu. Kumbe neno hilo lilianzia kwenye kukanda mwili!

Mwanzoni watu wengi walikuwa na mashaka. Mahomed alifanyaje? Alishika kalamu tena. Mwaka 1820 alichapisha kitabu chenye maneno ya wagonjwa waliosema wamepata nafuu. Mwaka 1822 akatoa kitabu kingine juu ya kazi yake. Wagonjwa wengine waliacha magongo yao ya kutembelea, naye akayaweka mahali pa kuonekana. Mwaka 1821 alikuwa amefungua nyumba kubwa ya kuogea kando ya bahari. Akateuliwa kuwa mkandaji wa Mfalme George wa Nne, na baadaye wa Mfalme William wa Nne.

Tuseme ukweli wote. Katika vitabu vyake vya baadaye Mahomed alijiongezea umri wa miaka kumi, akasema alisomea udaktari ujanani. Habari zake nyingine hazikubaliani na hayo. Jiwe la kaburi lake linasema alikufa na miaka 101, lakini kwa hesabu ya mwaka 1759 alikuwa na miaka 91 au 92. Hapa tunajifunza kwamba kujua kusoma ni pamoja na kujua kulinganisha. Si kila kilichochapwa ni kweli, hata kama kimechongwa juu ya jiwe. Na tusidhani kwamba kukandwa kunaponya kila ugonjwa. Mgonjwa apelekwe zahanati.

Mahomed alifariki Brighton mwaka 1851. Mjukuu wake, Frederick Akbar Mahomed, alikuwa daktari katika hospitali ya Guy's, London, akafanya kazi muhimu ya kuchunguza shinikizo la damu. Mwaka 2005 kibao cha ukumbusho kiliwekwa George Street, pale ilipokuwa hoteli. Uingereza sasa ina maelfu ya hoteli za vyakula vya Bara Hindi. Wazo lake halikuwa baya. Lilitangulia mno, na mfuko haukuweza kulisubiri.

6. TUJIFUNZE NINI?

London aliwauzia watu kitu ambacho tayari walikuwa nacho nyumbani. Brighton aliwauzia watu kitu walichokitafuta na wasichokuwa nacho. Hiyo ndiyo tofauti kubwa.

Kwa hiyo, ndugu yetu unayetaka kufungua hoteli ya chai stendi, au kupika chakula mnadani, usianze kwa kununua masufuria. Chukua daftari na kalamu. Nenda ukae pale mahali siku tatu au nne, uandike:

(a) Watu wangapi wanapita au wanakaa hapa? Saa ngapi?
(b) Sasa hivi wanakula nini, kwa nani, na kwa bei gani?
(c) Nani kati yao ana chakula nyumbani karibu, na nani hana?
(d) Kitu gani wanakitaka na hakuna anayekiuza?

Mtu wa kijijini ambaye nyumba yake iko hatua mia moja atakula kwake. Dereva wa lori na mchuuzi aliyetoka mbali hawana jiko hapo. Hao ndio wateja.

Halafu fanya hesabu ya kungoja. Tutoe mfano wa kujifunzia tu.

Tuseme kodi ya kibanda, kuni, maji na msaidizi ni shilingi 180,000 kwa mwezi. Tuseme kila sahani ukiondoa bei ya mchele, maharage na mafuta inakuachia shilingi 500. Gawanya 180,000 kwa 500. Unapata sahani 360. Ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi, lazima uuze sahani 14 hivi kila siku ili usipate hasara wala faida.

Lakini mwanzoni watu hawakujui. Tuseme unauza sahani 6 kwa siku. Mara siku 26 ni sahani 156. Mara shilingi 500 ni shilingi 78,000. Umepungukiwa shilingi 102,000. Hali ikiwa hivyo miezi mitatu, umepungukiwa shilingi 306,000.

Basi fedha hiyo lazima uwe nayo pembeni, mbali na fedha ya masufuria na mabenchi. Kama huna, anza kidogo zaidi. Uza chai na maandazi kwanza, au pika kwa watu waliokwisha kuagiza, kama vile mafundi wanaojenga shule. Huko ni kuandika majina kabla ya kuchapa kitabu.

Na kama biashara itakushinda, usidhani kila kitu kimepotea. Vyombo vinaweza kuchukuliwa na wanaokudai. Ujuzi ulio mikononi na kalamu uliyoizoea havichukuliwi. Mahomed alianza upya na vitu hivyo viwili, akiwa na miaka zaidi ya hamsini.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kufilisika: kushindwa kabisa kulipa madeni.
Mshindani: mwenzako anayeuza kitu kama chako kwa wateja wale wale.
Gharama: fedha zote unazotoa ili kazi iende.
Kujifukiza: kukaa katika mvuke wa maji au wa majani ili kutoka jasho.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mahomed alijuaje idadi ya wanunuzi wa kitabu chake kabla hakijatoka?
2. Taja sababu nne za kufilisika kwa hoteli yake. Ipi mnaona ni kubwa zaidi? Kwa nini?
3. Kwa nini ujuzi wa kukanda ulileta fedha Brighton kuliko chakula kilivyoleta London?
4. Katika kijiji chenu, je, kuna biashara iliyofunguliwa kwa shangwe ikafungwa upesi? Bila kumcheka mtu wala kutaja majina, jadilini sababu.
5. Hesabu: Kama kila sahani inakuachia shilingi 600 badala ya 500, na gharama za mwezi ni zile zile 180,000, lazima uuze sahani ngapi kwa mwezi? (Jibu: 300.)

KAZI YA NYUMBANI

Chagueni mahali pamoja penye watu, kama mnadani au stendi. Wawili wenu wakae hapo asubuhi moja na daftari, wahesabu watu na kuandika wanachokula. Mkikutana tena, someni yale mliyoandika, mpige hesabu pamoja.